Rejesta Husomwa kwa Mlalo

Nilifundisha shule ya msingi miaka tisa kabla sijajua kusoma rejesta ya mahudhurio. Kuijaza nilikuwa najua vizuri. Asubuhi baada ya mstarini naingia darasani, naita majina, aliyepo namwekea alama, asiyekuwepo namwekea sifuri, aliyechelewa namwandikia kwa kalamu nyekundu. Chini ya safu najumlisha wavulana, wasichana, jumla, napeleka ofisini. Mwalimu mkuu anataka idadi ya leo. Mratibu elimu kata naye akipita anataka idadi ya leo. Basi jicho la mwalimu huzoea kushuka wima, safu moja ya siku moja, na kesho safu nyingine.

Mwaka 2014 alikuja shuleni kwetu dada mmoja, afisa ustawi wa jamii kutoka wilayani. Shule yenyewe iko milimani huko Lushoto, sitaitaja. Hakuja kwa ajili ya darasa langu. Alikuja kwa shauri la mtoto wa darasa la pili ambaye wazazi wake walikuwa wameachana na kila mmoja anavutia kwake. Alipomaliza, mvua ikamzuia, ile mvua ya kwetu inayoshuka pamoja na ukungu mpaka huoni mlingoti wa bendera. Akakaa mezani kwangu kumsubiri bodaboda wake, akaniomba aone rejesta ya darasa la tano. Nikadhani anapitisha muda.

Akachukua rula yangu, akaiweka chini ya jina la mtoto mmoja, akasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Januari yote. Akafunua, Februari yote. Akashusha rula hadi jina linalofuata. Mimi nikaendelea kusahihisha madaftari. Baada ya kama dakika ishirini akaniuliza, "Mwalimu, huku kwenu Jumapili usiku na Jumatano usiku kuna nini?"

Nikamjibu kuna malori. Kila mtu anajua. Kabichi, karoti, hoho na nyanya za milimani hushuka kwenda sokoni Dar es Salaam, na Fuso hupakia usiku ili zifike kule soko linapoanza. Siku za kupakia kwetu zilikuwa hizo mbili.

Akanigeuzia rejesta. Majina matano, yote ya wavulana, na rangi nyekundu au sifuri kila Jumatatu na kila Alhamisi, wiki baada ya wiki, tangu shule zilipofunguliwa. Siku nyingine zote wapo. Akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake: "Mwalimu, hawa hawachelewi. Hawa wana ratiba."

Mmoja wa wale watano nilikuwa nimemchapa Alhamisi ya wiki ile kwa kulala darasani. Nilimchapa viwili, na Jumatatu yake nilikuwa nimemchapa pia. Alikuwa mtoto mpole wa dawati la mwisho, hasemi. Akichapwa alikuwa anasema "asante mwalimu" kama tulivyowafundisha, anarudi kukaa. Kanuni za viboko zipo tangu mwaka 1979, na tangu 2002 zinasema visizidi vinne, avichape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Sikuwa na barua yoyote ya uteuzi, na pale shuleni hakuna mwalimu aliyekuwa nayo. Staff tulikuwa tunasema samaki mkunje angali mbichi, tukatoka na fimbo kwenda zamu. Nimeiandika hapa kwa sababu niliwahi kumwomba yule mtoto msamaha kwa mdomo, naye akaitikia tu, na naona anastahili niiweke pia kwenye maandishi.

Dada wa ustawi hakuondoka na bodaboda siku ile. Alilala kwa mwalimu wa afya, na jioni akaniomba nimsindikize nyumbani kwa huyo mtoto. Njiani akanipa masharti: nisimseme mtoto mbele ya mtu yeyote, nisitaje maksi, nisitaje fimbo. Tulimkuta bibi yake amekaa kwenye kigoda mlangoni, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia, akatupa ndizi. Mama wa mtoto alikuwa Dar, anafanya kazi za ndani, na fedha ilikuwa inakuja mwezi mmoja, miezi miwili hakuna. Mtoto alikuwa anabeba matenga kutoka shambani hadi barabarani, shilingi 500 kwa tenga, kuanzia saa mbili usiku mpaka lori lijae. Lori likijaa saa tisa usiku, ndiyo saa ya kulala.

Mimi nilitaka kuanza kuongea. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani kuhusu elimu ni ufunguo wa maisha. Yule dada akanishika mkono kidogo, akamwuliza bibi, "Bibi, mguu umeanza lini?" Wakaongea mguu nusu saa. Kutoka kwenye mguu wakafika kwenye shamba, kutoka shamba wakafika kwa mtoto wa kiume wa bibi aliye Korogwe ambaye hajaonekana tangu msiba wa babu, na kutoka hapo ndipo bibi mwenyewe akasema, "Huyu mjukuu wangu anachoka, nami naona." Hakuna aliyemsukuma kulisema.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Dada yule angeweza kuanza na sheria, akaita mgambo, akamtisha bibi na kumkamata mpakiaji. Siku mbili baadaye alimwendea mpakiaji akiwa na mwenyekiti wa kijiji, akamsomea sheria hiyo hiyo kwa utulivu, na mpakiaji akaahidi mbele ya watu kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni hachukui mtoto. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshampigia yule mjomba wa Korogwe, amepanga kikao cha ukoo, na ameongea na mtendaji wa kijiji ili kaya ya bibi isisahaulike mkutano wa kijiji utakapokaa kutambua kaya maskini za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kuzisaidia kaya hizo. Ukimwondoa mtoto kwenye tenga bila kuuliza zile shilingi 500 zilikuwa zinanunua nini, umeiondoa chumvi na mafuta ya taa nyumbani kwao, na mtoto atarudi kwenye tenga kwa njia nyingine, safari hii kwa kujificha.

Kati ya wale watano, watatu walimaliza darasa la saba. Mmoja alihamia kwa baba yake mkoa mwingine, sikupata habari zake. Mmoja alipanda lori lenyewe usiku mmoja na kushukia Dar, na mpaka leo sijui yuko wapi. Sikuandika haya ili msomaji adhani ustawi wa jamii ni dawa ya kila kitu.

Mwaka uliofuata niliomba ruhusa ya masomo. Nikaenda Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Niliporudi na shahada nikabadilishwa kada. Sasa ni afisa ustawi wa jamii katika kata moja huku bondeni mkoani Tanga, kwenye mkonge. Nina shule za msingi nane na sekondari mbili, na pikipiki ninayogawana na wenzangu wawili.

Swali ninaloulizwa sana, hata na walimu wenzangu wa zamani, ni hili: shule si ina mwalimu wa malezi? Siku hizi si kuna walimu wa unasihi na madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto? Wewe unakuja kuongeza nini?

Nawaheshimu sana walimu hao, na wapo ninaowategemea kuliko ofisi yoyote. Ila nawaomba walitazame jambo hili kwa macho ya mtoto. Mwalimu wa unasihi ana vipindi 28 kwa wiki, ana darasa la watoto 90, wiki hii yuko zamu. Saa moja na nusu asubuhi amesimama getini na fimbo. Saa nne anamwita mtoto huyo huyo chini ya mwembe na kumwambia, "Niambie mwanangu, nini kinakusumbua?" Mtoto gani atasema? Mimi nilikuwa na sauti nzuri na moyo mzuri, na katika miaka tisa hakuna mtoto hata mmoja aliyeniletea siri nzito. Nilikuwa najidanganya kwamba darasa langu halina siri.

Chuoni mhadhiri wetu alituandikia ubaoni matokeo ya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7 hivi, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wenzangu walinakili. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya darasa langu la tano, ambalo lilikuwa na wasichana 41. Kumi na wawili. Nikaanza kuwapitia mmoja mmoja kwa jina na kwa dawati, nikashindwa kuendelea na kipindi, nikatoka nje.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloongeza ni kwamba sina fimbo, sina maksi na sina ripoti ya mwisho wa muhula. Mtoto akiniambia hakusoma, hakuna cha kumfanya. Jambo hilo linaonekana dogo. Kwa mtoto ni kubwa kuliko vyeti vyangu vyote.

Kuna ufundi mwingine ambao haumo kwenye vitabu, au umo lakini nilijifunza kwa kukosea. Mwanzoni nilikuwa nikifika shuleni naomba mtoto fulani aitwe. Kiranja anaingia darasani, "Fulani anaitwa ofisini," na darasa zima linaguna. Mtoto anafika kwangu ameshahukumiwa. Siku hizi naita wanne, na watatu kati yao sina shida nao. Nawapa kazi ya kunisaidia kuhesabu madaftari ya mradi au kupanga vitabu stoo, halafu naongea na kila mmoja kwa zamu. Mahali pa kuongea nako kuna hesabu yake. Shule nyingi hazina chumba. Ofisi ya mwalimu mkuu haifai kabisa, na stoo yenye mlango wa kufunga haifai zaidi, kwa usalama wa mtoto na wangu. Katika shule yangu moja tunakaa kwenye ukingo wa tangi la maji, katikati ya uwanja. Kila mtu anatuona, hakuna anayetusikia.

Na kabla mtoto hajaanza, namwambia jambo ambalo wengi hunishangaa nalo. Simwahidi siri. Namwambia: "Mengi utakayoniambia yatabaki kwangu. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, hilo sitalificha. Nitamwambia mtu wa kutusaidia, na nitakwambia wewe kwanza ni nani huyo, kabla sijamwendea." Wapo wanaonyamaza wakisikia hivyo. Wengi wao hurudi wenyewe baadaye. Mtoto aliyewahi kuahidiwa siri na mtu mzima, halafu akaikuta siri yake kisimani, hutamrudisha tena.

Likija jambo la kuumizwa, kazi inabadilika mwendo. Hapo kuna polisi dawati la jinsia na watoto, kuna PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, kuna hospitali, na sehemu zenye kituo cha mkono kwa mkono yote hayo yanapatikana mahali pamoja na mtoto hasimulii mara tano. Pasipo na kituo, mimi ndiye ninayeshika mkono wake kutoka dirisha moja hadi jingine, na ninayesema, "Ameshaeleza, soma hapa." Wakati mwingine nyumbani hapafai kurudi usiku ule, na ndipo tunatafuta familia ya kuaminika ya kumpokea. Sitaeleza zaidi. Mashauri haya si yangu kuyaanika. Ila kama wewe ni mzazi au jirani na uko mbali na ofisi yangu, namba 116 ya simu ya mtoto hupigwa bure, na sheria inasema kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake ana wajibu wa kuripoti. Inasema kila mwanajamii. Haikusema mzazi tu.

Huku bondeni ratiba za watoto ni nyingine. Ninalopambana nalo zaidi kuanzia Julai mpaka Septemba ni kujifelisha. Binti ni wa tatu au wa nne darasani tangu la tano. Majaribio ya mkoa anapata vizuri. Mtihani wa darasa la saba unapofika anaweka majibu ovyo, kwa sababu nyumbani ameambiwa, "Ukifaulu, ada hatuna, sare hatuna, na shangazi yako wa Dar ameshapata sehemu ya kukuweka." Ada ya sekondari ya serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, na bado sentensi hiyo inaishi. Na kwa kweli sare, madaftari, viatu na chakula vina bei, mzazi hasemi uongo mtupu.

Mwaka jana binti mmoja aliniambia haya pale kwenye tangi, wiki sita kabla ya mtihani. Aliniambia akitazama chini, kwa sauti ya mtu anayetaja orodha ya dukani: nimeambiwa niandike vibaya. Sikumwambia akaidi. Nani angempikia jioni ile? Nilikwenda kwa baba yake mara tatu. Mara ya kwanza hakunipokea. Mara ya pili alinipokea akaniambia, "Mama, wewe una mshahara, utanielewa wapi?" Nikamwambia, "Kweli baba yangu, nieleweshe." Akanielewesha. Alikuwa na deni la pembejeo na alikuwa ameshapokea shilingi 60,000 za utangulizi kutoka kwa yule aliyeahidi kumchukua binti kwenda kufanya kazi za ndani. Binti alikuwa ameshauzwa muda wake, na yeye mwenyewe hakujua kiasi.

Mara ya tatu nilikwenda na mjumbe wa kamati ya shule, mzee anayeheshimika pale kijijini, na mchungaji wao. Tukakaa mpaka saa tatu usiku. Fedha zikarudishwa kwa mafungu, mchungaji akadhamini. Binti alifanya mtihani wake kweli. Yuko kidato cha kwanza sasa, anatembea kilomita saba kwenda na saba kurudi, na hiyo kilomita saba ndiyo shauri langu jipya, maana njia inapita kwenye mkonge mrefu na asubuhi ni giza.

Niongeze la mabinti wanaorudi. Tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua kurudi kwenye mfumo rasmi, na waraka ukatoka, watu wengi walidhani kazi imeisha. Waraka hufungua geti. Haumwambii mama mkwe nani atabaki na mtoto wa miezi mitano, haumwambii mwalimu wa zamu kwamba huyu akiomba ruhusa saa nne maziwa yanamjaa, na haumzuii mwenzake wa dawati la nyuma kumwita "mama fulani" mbele ya darasa. Nina wawili waliorudi. Kwa mmoja nilikwenda shuleni mara nne kabla hajaingia, nikaongea na mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mlinzi, na wasichana watatu ambao yeye mwenyewe aliniambia anawaogopa. Wale watatu sasa ndio wanaomwandikia notsi siku ambayo mtoto anaumwa.

Ninachotaka ni kitu kimoja na nitakisema bila kuzunguka: mtu wa kada yangu akae shuleni. Kama kila shule haiwezekani, basi kila shule tatu zilizo jirani. Mimi na shule kumi nafika kwenye shule moja mara moja au mbili kwa mwezi, na mara nyingi nafika kwa sababu jambo limeshaharibika. Yule dada wa Lushoto aliona ratiba ya wale watoto kwa sababu ya mvua. Mvua isingenyesha siku ile angepanda bodaboda akaondoka, nami ningeendelea kuchapa kila Jumatatu na kila Alhamisi nikiamini nafundisha.

Mpaka hilo litokee, nimeanza kugawa rula. Nasema kweli. Kila shule ninayofika naomba dakika kumi za kikao cha walimu, nawafundisha kusoma rejesta kwa mlalo kila Ijumaa kabla ya kufunga: jina moja moja, mwezi mzima. Nawaomba wasimhoji mtoto wala wasimwite mzazi. Wanipigie picha ule mstari, waniletee kwa WhatsApp. Shule tano kati ya nane zinafanya. Mwalimu mmoja wa darasa la tatu, kijana wa ajira mpya, ameongeza safu yake mwenyewe pembeni kwa penseli, anaandika siku za wiki alizokosa kila mtoto.

Leo jioni ameniletea picha. Amezungushia jina moja, mtoto wa kike, miaka tisa. Hajakosa Jumatatu hata moja, wala Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi zote nne za mwezi huu yupo lakini pembeni ameandika "hali chakula, hachezi". Ijumaa zote nne, sifuri.

Leo ni Alhamisi. Nimeshamwomba mwenzangu pikipiki ya kesho, nimeweka mafuta, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa njiani.